Redio ya gari la zamani ichunguzwe kwanza kabla ya kung'olewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu makala iliyochapishwa hivi karibuni katika ukurasa wa magari, iliyowaeleza wenye magari ya zamani kwamba wakitaka kusikiliza muziki wa simu bila waya wana njia mbili tu: kununua kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara kinachorusha sauti kwa masafa ya FM, au kung'oa redio yote na kufunga mpya. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na redio huchukua sehemu kubwa ya kazi yangu. Kwa maoni yangu, mwandishi ameruka swali linalopaswa kutangulia mengine yote, nalo ni hili: redio iliyomo ndani ya gari ina mlango gani wa kupokea sauti kutoka nje? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama mtu atatumia fedha kidogo au nyingi, na mara nyingi redio inayodharauliwa kwa uzee wake ina mlango ambao hata mwenye gari hajawahi kuuona.

Kabla ya kuifikia milango hiyo, yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo makala ile iliyachanganya. Muziki unaotiririshwa hupita hatua mbili. Ya kwanza ni kutoka kwenye intaneti hadi kwenye simu, na hiyo ndiyo inayokula bando. Ya pili ni kutoka kwenye simu hadi kwenye gari, umbali wa mita moja au mbili, na hiyo haili bando hata kidogo. Bluetooth, inayobeba sauti katika hatua hiyo ya pili, ni redio ndogo inayofanya kazi karibu na gigahezi 2.4, ikiruka kutoka chaneli moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde ili kukwepa mwingiliano, wala haitegemei mtandao wa simu. Aliyehifadhi nyimbo zake ndani ya simu anaweza kuzisikiliza garini kutwa nzima pasipo kutumia data yoyote. Anayetiririsha moja kwa moja kwa kilobiti 128 kwa sekunde atatumia takriban megabaiti 58 kwa saa, na akipandisha ubora hadi kilobiti 320, matumizi yatafika megabaiti 144 kwa saa. Nayaeleza haya kwa sababu wako wateja wanaokataa kufungiwa Bluetooth kwa kuogopa bando, ilhali hatua wanayoiogopa humalizika ndani ya simu kabla sauti haijaelekea kwenye gari.

Vilevile makala ilisema kwamba gari lenye Bluetooth ya kiwandani halihitaji kuongezewa kitu. Hilo si kweli kwa magari yote. Teknolojia hii ilianza kubuniwa katika kampuni ya Ericsson nchini Sweden mwaka 1994, na umoja wa kampuni unaoisimamia uliundwa mwaka 1998, lakini kazi yake ya mwanzo ndani ya magari ilikuwa kumwezesha dereva kuzungumza bila kushika simu mkononi. Utaratibu wa kupitisha muziki wa stirio, unaojulikana kwa herufi A2DP, ni tofauti kabisa na ule wa mazungumzo, na ulipitishwa mwaka 2003, kisha ukachukua muda kuingia katika magari. Ndiyo maana yapo magari mengi ya miaka ya 2000 yenye kitufe cha simu kwenye usukani, ambayo huungana na simu vizuri lakini hayatoi wimbo hata mmoja. Wenye magari hayo huambiwa kwamba redio imekufa, kumbe ni nzima, ila haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Zipo programu za simu zinazolazimisha muziki upite kwenye njia ya mazungumzo, lakini njia hiyo katika vifaa vya zamani huchukua sampuli 8,000 tu kwa sekunde, kwa hiyo haibebi sauti yoyote iliyo juu ya hezi 4,000, na hupitisha chaneli moja badala ya mbili. Inafaa kwa kusikiliza mahubiri au mjadala. Kwa muziki ni adhabu.

Mlango wa kwanza wa kutafuta ni tundu la AUX, lile la milimita 3.5 linalofanana na la spika za masikioni. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 watengenezaji wengi walianza kuliweka, lakini si wote waliliweka mbele ya redio panapoonekana. Huwa nalikuta ndani ya sanduku la dashibodi, chini ya kiegemeo cha mkono, pengine karibu na breki ya mkono likiwa limefunikwa kwa kifuniko cha plastiki kilichokwisha kujaa vumbi. Katika baadhi ya redio liko nyuma kabisa, au badala yake yako matundu mawili ya mviringo ya sauti yaitwayo RCA, jekundu na jeupe, ambayo hayaonekani mpaka redio itolewe mahali pake. Tena zipo redio ambazo haziorodheshi AUX miongoni mwa vyanzo vya sauti mpaka mtu aiwashe katika mipangilio, au mpaka plagi ichomekwe. Dereva anaweza kubonyeza kitufe cha kubadili chanzo kwa miaka, akipita kwenye redio na CD tu, bila kujua kwamba kuna cha tatu kinachosubiri.

Penye tundu hilo, kinachohitajika ni kipokezi kidogo cha Bluetooth kinachoenea kiganjani, chenye waya mfupi wa kuingia kwenye AUX na umeme wa volti 5 kutoka kwenye chaja ya gari. Sauti yake huingia kwenye redio kwa waya, haipiti hewani kama FM, kwa hiyo haigombanii masafa na kituo chochote. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kuliko zote kwa gharama yake, na ninashangaa kwamba makala haikuitaja hata kwa sentensi moja.

Kero yake moja inajulikana na kila aliyewahi kuifunga: mluzi mwembamba unaopanda na kushuka kadiri dereva anavyokanyaga mafuta. Wengi hukilaumu kipokezi, wakanunua kingine, na mluzi ukabaki palepale. Chanzo chake ni huu. Kipokezi kinapochukua umeme kutoka kwenye tundu la kiberiti huku waya wake wa sauti umeingia kwenye redio, kinakuwa kimeungana na hasi ya gari katika sehemu mbili, moja kupitia chaja na nyingine kupitia redio. Kati ya sehemu hizo kuna tofauti ndogo ya volti inayobeba mtetemo wa alteneta, yaani mashine inayozalisha umeme wa gari, na tofauti hiyo hupita katika waya wa sauti, ikakuzwa na redio pamoja na muziki. Namna ya kuhakikisha ni rahisi: gari likiwa linanguruma, chomoa umeme wa kipokezi na ukiache kitumie betri yake ya ndani, kama kinayo. Mluzi ukitoweka, tatizo ni mzunguko wa ethi, yaani huko kuungana na hasi katika sehemu mbili, na dawa yake ni kifaa kidogo chenye transfoma mbili kinachowekwa katikati ya waya wa sauti ili sauti ipite lakini ethi mbili zisigusane. Transfoma duni hupunguza besi kidogo, na mwenye sikio kali atalitambua hilo, lakini sijamwona aliyependa mluzi kuliko besi hiyo iliyopungua. Mluzi usipotoweka, chaja haihusiki, na fundi aanze kuikagua ethi ya redio yenyewe, ambayo katika magari makuukuu mara nyingi imelegea au imeshika kutu.

Niongeze jambo dogo kuhusu sauti, kwa kuwa linaharibu kazi nyingi nzuri. Sauti ya simu iwekwe juu, karibu na mwisho, kisha dereva aongeze au apunguze kwa kitasa cha redio. Akifanya kinyume, yaani simu chini na redio juu, redio italazimika kukuza muziki hafifu pamoja na kelele zote za waya, na matokeo yake ni mvumo wa kudumu nyuma ya kila wimbo.

Redio isiyo na AUX inaweza kuwa na mlango wa pili, ule wa chenja ya CD, yaani kisanduku kinachobeba CD kadhaa na kuzibadilisha chenyewe. Magari mengi ya miaka ya 1990 na ya mwanzo wa miaka ya 2000 yalitengenezwa yaweze kufungwa chenja ya CD kadhaa ndani ya buti, na redio zake zina soketi ya kazi hiyo kwa nyuma hata kama chenja yenyewe haikuwahi kununuliwa. Ugumu ni kwamba redio hizo hazifungui njia ya sauti mpaka zipate jibu kutoka kwenye chenja kwa lugha ya kidijitali ya mtengenezaji husika. Kuunganisha waya wa sauti peke yake hakusaidii, kwa sababu redio itauliza, itakosa jibu, na itaendelea na FM yake. Ndipo hutumika kifaa kinachojifanya chenja: kinaijibu redio kwamba CD zipo na zinazunguka, kumbe kinachoingia ni muziki wa Bluetooth, na katika vifaa vilivyo bora hata vitufe vya redio vya kuruka wimbo huendelea kufanya kazi kwenye simu. Anayekinunua azingatie namba ya redio iliyobandikwa kwenye kasha lake, asitegemee jina la gari na mwaka wake pekee, kwa maana mtengenezaji mmoja anaweza kuwa ametumia lugha mbili tofauti katika aina moja ya gari. Wenzetu waliounganisha waya wa sauti moja kwa moja ndani ya redio, mahali ambapo sauti ya CD hupita, hulazimika kuchezesha CD isiyo na sauti yoyote ili redio iridhike, na ingawa ni ujanja unaochekesha kidogo, unafanya kazi.

Kisha kuna kaseti, ambayo watu huicheka bure. Adapta ya kaseti ina umbo la kaseti ya kawaida, lakini mahali pa utepe ina hedi ndogo inayotoa uga wa sumaku mbele ya hedi ya redio, yaani kile kichwa kinachosoma utepe, na redio husoma uga huo kama inavyosoma utepe. Siku hizi zipo adapta zenye Bluetooth na betri ndani yake, ambazo hazihitaji waya wowote. Sauti yake ikisikika imefifia, jambo la kwanza ni kusafisha hedi ya redio kwa pamba na spiriti, na la pili ni kuzima kitufe cha Dolby kama kipo, kwa sababu kazi ya kitufe hicho wakati wa kusikiliza ni kupunguza sauti nyembamba pamoja na mchakacho wa utepe, na hapa hakuna utepe. Redio zinazogeuza upande wa kaseti zenyewe nyakati nyingine huidhania adapta imefika mwisho, zikaanza kugeuza huku na huku bila kukoma. Hapo tatizo huwa ni gia za plastiki za adapta zisizozunguka sawasawa, na kubadilisha adapta hutosha.

Pasipokuwa na mlango wowote kati ya hiyo ndipo tufikie kifaa cha FM kilichosifiwa na makala. Sikikatai, ila msomaji anastahili kuambiwa mipaka yake. Kwa sheria za nchi nyingi kifaa hicho kinaruhusiwa nguvu ndogo mno. Barani Ulaya kikomo ni nanowati 50, yaani sehemu moja kati ya milioni 20 za wati moja. Nguvu hiyo inatosha kwa antena iliyo karibu, lakini kituo chochote cha redio kinachotumia masafa hayohayo kitaifunika, na gari linaposafiri, nafasi iliyokuwa tupu asubuhi inaweza kuwa na kituo mchana. Hata penye ukimya kamili, utangazaji wa FM hubeba sauti hadi kilohezi 15 tu. Gari ambalo antena yake iko kwenye kioo cha nyuma hupata tabu zaidi kuliko lenye antena ya mbele, kwa kuwa kifaa kiko kwenye dashibodi.

Wenye magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani wana tatizo la ziada ambalo makala haikuligusa kabisa. Redio nyingi za zamani za magari hayo husikia FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali vifaa vingi vya kurushia hufanya kazi kati ya 87.5 na 108. Mahali vinapokutana ni padogo, kuanzia 87.5 hadi 90, na penye vituo vingi huenda pasipatikane nafasi hata moja. Kama gari limefungwa kifaa cha kushusha masafa kwenye waya wa antena ili redio isikie vituo vilivyo juu ya 90, namba itakayoonekana kwenye redio haitalingana na ile ya kifaa cha kurushia: kikishusha kwa megahezi 16, kwa mfano, muziki unaorushwa kwa 100 utatafutwa kwenye 84. Watu huhangaika kwa jambo hili na kutupa kifaa kizima. Kwa redio isiyo na mlango mwingine, mimi humpendekezea mteja kifaa cha FM cha kufungwa kwa waya, kinachokaa kati ya antena na redio na kuikata antena wakati muziki wa simu unapochezwa. Bado ni FM na kikomo chake cha kilohezi 15, lakini hakuna kituo kitakachokiingilia.

Kubadilisha redio nzima kuna wakati wake, hasa pale ambapo kioo chake hakisomeki tena, vitasa vimelegea, au mwenye gari anataka pia kupokea simu kwa maikrofoni nzuri. Redio nyingi zimejengwa kwa vipimo vya kawaida vya uso, milimita 180 kwa 50 au 180 kwa 100, lakini yako magari ambayo redio imeungana na dashibodi na hubeba kazi nyingine, kama vile kuonyesha hali ya kiyoyozi au kutoa mlio wa tahadhari, na kuing'oa ni kuzing'oa na kazi hizo. Waya za kiwandani zisikatwe. Zinapatikana soketi za kati zinazounganisha redio mpya na plagi ya gari bila mkasi, na siku gari litakapouzwa redio ya zamani itarudi mahali pake kwa dakika chache. Kwa kawaida redio mpya huja na waya wa njano wa umeme wa kudumu unaotunza kumbukumbu, mwekundu unaowaka kwa ufunguo, na mweusi wa ethi. Lakini rangi za upande wa gari hazifuati mpangilio huo, kwa hiyo kila waya upimwe kwa mita. Wa njano na mwekundu zikibadilishana, redio husahau vituo kila ufunguo unapotolewa, na zote mbili zikiungwa kwenye umeme wa kudumu, betri huweza kukutwa imeisha asubuhi. Kabla ya kuondoa hasi ya betri, mwenye gari ahakikishe anayo namba ya siri ya redio, kwa kuwa redio nyingi za zamani hujifunga zikikosa umeme. Na plagi za njano zilizo karibu na usukani, ambazo kwa kawaida ni za mifuko ya hewa ya usalama, asiziguse asiyezijua.

Makala ilitumia nafasi kubwa kusifu redio zenye mifumo mbalimbali ya kubana sauti, ikidai kwamba bila mifumo hiyo Bluetooth haifai kusikilizwa. Siafiki. Mfumo wa lazima uliomo katika kila kifaa cha muziki cha Bluetooth, uitwao SBC, hufikia takriban kilobiti 328 kwa sekunde ukiwekwa katika ubora wa juu, na ndani ya gari linalotembea, penye mvumo wa matairi, upepo na injini, tofauti kati yake na mifumo ya gharama ni vigumu kuisikia. Kinachosikika ni spika. Katika gari kuukuu ule ukingo wa sponji unaoizunguka koni ya spika huwa umeoza, na hapo hakuna redio wala mfumo utakaorudisha besi. Anayetaka kutumia fedha ya ziada aanze na milango ya kuingilia abiria, afungue kifuniko na kutazama hali ya spika zilizomo.

Yapo pia mambo ya matumizi ambayo ningependa wasomaji wayazingatie. Katika baadhi ya magari tundu la kiberiti hubaki na umeme hata ufunguo ukitolewa, na kwa kuwa Bluetooth ya kawaida hufika mita 10 hivi, simu iliyo ndani ya nyumba inaweza kuendelea kuungana na gari lililoegeshwa ukutani, mtu akapigiwa asisikie chochote. Kifaa kinapoomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina ya simu, kipokezi cha muziki pekee hakiihitaji, na ombi hilo likataliwe. Naye anayeuza gari lenye redio mpya afute kwanza simu zote alizozioanisha. Uchaguzi wa nyimbo ufanyike gari likiwa limesimama, kwani kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari hupita karibu mita 28 kila sekunde, na kutafuta wimbo kwenye kioo cha simu huchukua zaidi ya sekunde moja.

Ombi langu kwa dawati la magari ni kwamba linapochambua gari la zamani, pamoja na kutaja ukubwa wa injini na matumizi ya mafuta, litaje pia aina ya redio iliyofungwa kiwandani: kama ina AUX na iko wapi, kama ina soketi ya chenja, na FM yake inaanzia na kuishia megahezi ngapi.

Wako,
Fundi wa umeme wa magari na msomaji wa gazeti lako